Ardhilhali na Nguvu Yake

Mtu mnyonge anapodhulumiwa na mwenye nguvu, njia zilizo mbele yake huwa chache. Aweza kupigana, na aghalabu hushindwa. Aweza kuhama, na akiwa mkulima huacha nyuma kazi ya mikono ya baba yake na babu yake. Aweza kunyamaza, na kimya chake huhesabiwa kuwa ni ridhaa. Njia ya nne ni kuandika. Hueleza hali yake katika karatasi, hutia sahihi, huwaomba wenzake watie sahihi zao, kisha huipeleka karatasi hiyo kwa mtu mwenye uwezo wa kumwondolea dhiki. Karatasi ya namna hii Kiswahili kiliipa tangu zamani jina la ardhilhali, neno lililotoka katika Kiarabu, ambalo maana yake ni kuiweka hali mbele ya macho ya mtu.

Siku hizi karatasi imepungua na mahali pake pameshikwa na intaneti. Ombi huandikwa asubuhi, na kabla ya jua kuchwa laweza kuwa limepata sahihi za watu elfu mia walio katika nchi ishirini, ambao hawakupata kuonana wala hawatapata kuonana. Juu ya faida ya jambo hili watu wamegawanyika. Wako wasemao kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, na kwamba sahihi isiyomgharimu mtu kitu haimtishi mtawala hata kidogo. Wako wengine wasemao wengi wape, usipowapa watatwaa wenyewe, na kwamba hapana serikali iwezayo kuziba masikio mbele ya sauti za watu milioni. Kila upande una mifano yake. Walakini hukumu haiwezi kutolewa kwa kuitazama intaneti peke yake, kwa sababu chombo ni kipya lakini tendo ni la kale. Historia ya ardhilhali ni ndefu, na ndani yake mna majibu kuliko yanavyodhaniwa.

Mfano mkubwa wa kutegemea wingi wa sahihi ulitokea Uingereza katika karne ya kumi na tisa. Wafanyakazi wa nchi ile, ambao wengi wao hawakuwa na haki ya kupiga kura, waliunda chama cha kudai mambo sita yaliyoandikwa katika hati ya mwaka 1838 iliyoitwa Mkataba wa Watu. Walitaka kila mwanamume mzima apige kura. Kura iwe ya siri. Mtu asizuiwe kuingia Bungeni kwa sababu hana mali. Wabunge walipwe mshahara. Majimbo yawe sawasawa. Na Bunge lichaguliwe kila mwaka. Mwaka 1839 walipeleka Bungeni ardhilhali yenye sahihi karibu milioni 1.3. Bunge liliikataa. Mwaka 1842 wakapeleka nyingine yenye sahihi zaidi ya milioni 3, karatasi zake zikiwa zimeunganishwa kuwa mkunjo mmoja mkubwa mno uliobebwa mabegani mwa watu kupita katika mitaa ya London. Bunge liliikataa hiyo pia.

Mara ya tatu ilikuwa mwezi wa Aprili mwaka 1848. Kiongozi wao, Feargus O'Connor, alitangaza kwamba sahihi zilikuwa milioni 5.7. Makarani wa Bunge waliketi wakazihesabu, wakapata chini ya milioni 2, na katika hizo walikuta jina la Malkia Victoria, jina la Duke wa Wellington, na majina ya mzaha yaliyobuniwa na watu wapendao kucheka. Siku ile madai ya haki ya wafanyakazi yaligeuka kuwa kichekesho katika magazeti. Hili ni funzo la kwanza. Mtu akijenga hoja yake juu ya hesabu tupu, hesabu ikionekana mbovu hoja yote huanguka nayo, hata kama dhuluma inayolalamikiwa ni ya kweli. Walakini mwisho wa hadithi haukuwa pale. Sharti la mali kwa wabunge liliondolewa mwaka 1858, kura ya siri ikaja mwaka 1872, mshahara wa wabunge mwaka 1911, na mwaka 1918 wanaume wazima wakapata kura. Katika mambo yale sita, ni uchaguzi wa kila mwaka tu ambao haukukubaliwa kamwe. Ardhilhali zilizokataliwa mara tatu ziliwafundisha watu wengi neno moja la kudai, na neno hilo halikusahaulika.

Funzo la pili, lililo zito zaidi, halina haja ya kutafutwa ng'ambo. Limo katika Tanganyika yenyewe, chini ya mlima Meru.

Wameru ni wakulima na wafugaji wa mteremko wa mlima huo ulio karibu na Arusha. Tangu enzi ya Wadachi ardhi kubwa iliyouzunguka mlima ilikuwa imegawiwa walowezi, hata wenyeji wakajiona wamefungwa ndani ya mduara wa mashamba ya wageni, mlima nyuma yao na uzio mbele yao. Watu walizidi, ng'ombe walizidi, ardhi haikuzidi. Upande wa kaskazini mashariki, Engare Nanyuki palibaki kuwa mahali pa kupumulia: palikuwa na maji, malisho, makanisa, shule na mashamba.

Baada ya vita kuu ya pili serikali ya Tanganyika iliunda tume chini ya Jaji Mark Wilson ichunguze mambo ya ardhi katika wilaya za Arusha na Moshi. Taarifa yake ilipendekeza kwamba ardhi iliyo baina ya Meru na Kilimanjaro ifanywe eneo moja la walowezi wa Kizungu bila ya kuchanganyika na wenyeji, na serikali ikakusudia mashamba 13 ya ng'ombe. Ili jambo hilo litimie, Wameru wa Engare Nanyuki walitakiwa wahamie King'ori, upande wa chini wenye joto, ambao wenyewe waliukataa wakisema haufai kwa mifugo yao. Walitolewa ahadi ya fidia. Waliikataa fidia pia, kwa sababu anayepokea bei huhesabiwa kuwa ameuza.

Tarehe 17 Novemba 1951 uhamisho ukaanza kwa nguvu. Askari walifika, nyumba zikachomwa moto, mifugo ikaswagwa, na watu wapatao 3,000 wakaondoshwa. Wameru hawakuinua mkuki. Haikuwa kwamba hawakuujua, kwani mwishoni mwa karne iliyotangulia walikuwa wamepigana na Wadachi. Safari hii walichagua silaha nyingine, na kuichagua kwao kulikuwa na sababu.

Tanganyika haikuwa koloni kama makoloni mengine. Tangu mwaka 1946 ilikuwa nchi ya udhamini, ambayo Uingereza iliitawala kwa niaba ya Umoja wa Mataifa. Ibara ya 87 ya Mkataba wa Umoja huo ililipa Baraza la Udhamini uwezo wa kupokea ardhilhali za wenyeji na kuzichunguza pamoja na mtawala. Kwa maneno mengine, ulikuwako mlango mmoja ambao Gavana Twining hakuushika ufunguo wake. Wameru waliujua mlango huo. Kabla ya kuhamishwa walikwisha kuupelekea malalamiko, na ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliozuru nchi mwaka 1951 uliyasikia. Mtu anayeandika ardhilhali bila ya kujua ni nani mwenye uwezo, wala sheria inamtaka afanye nini, huwa kama mtu atupaye barua baharini. Wameru waliandika anwani iliyo sawa.

Tena hawakuandika tu. Umoja wao, Meru Citizens Union, ulikusanya fedha kwa watu ambao wengi walikuwa wamepoteza makazi, ili kumlipia mtu nauli ya kwenda New York. Aliyechaguliwa alikuwa Kirilo Japhet, na mwenzi wake katika kazi hiyo alikuwa Earle Seaton, mwanasheria mweusi mwenye asili ya Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Katika mwaka wa 1952 wawili hao walisikilizwa na Umoja wa Mataifa. Kirilo ndiye mwenyeji wa kwanza wa Tanganyika aliyesimama pale mwenyewe, kwa kinywa chake, kueleza jinsi nyumba za watu wake zilivyochomwa. Wajumbe wa Uingereza, waliozoea kuisemea Tanganyika, walilazimika kumjibu mtu wa Tanganyika mbele ya dunia.

Je, walishinda? Jibu la kweli ni kwamba hawakushinda. Baraza la Udhamini lilisikitika, likahimiza walioathirika watendewe mema, lakini halikuamuru ardhi irudishwe. Shauri likapelekwa kwenye Baraza Kuu. Kamati ya Nne ilikubali azimio la kutaka Wameru warudishiwe ardhi yao. Lakini katika mkutano wa Baraza zima, mwezi wa Desemba mwaka 1952, azimio hilo halikupata theluthi mbili ya kura zilizohitajiwa. Kirilo alirudi nyumbani bila ya amri ya kuwarudisha watu wake Engare Nanyuki. Mtu apimaye kwa kipimo cha siku ile angeweza kusema kwamba fedha za wanyonge zilipotea bure, na kwamba wangefanya heri kuzinunulia mbegu.

Walakini kipimo cha siku moja hakitoshi. Kirilo alirudi na habari, na habari hizo zilienea katika nchi. Watu wa majimbo mengine, ambao hawakuwa Wameru na ambao ardhi yao haikuguswa, walijifunza mambo mawili makubwa: ya kwanza, kwamba lililowapata Wameru leo laweza kuwapata wao kesho; na ya pili, kwamba Gavana siye mwisho wa njia. Mwezi wa Aprili mwaka 1953 Julius Nyerere alichaguliwa kuwa rais wa chama cha TAA. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ikazaliwa. Na tarehe 7 Machi 1955 Nyerere akasimama mbele ya Baraza la Udhamini, katika njia ile ile iliyokwisha kukanyagwa na mkulima wa Meru. Dai lake halikuwa tena la kijiji kimoja, lilikuwa la nchi nzima. Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Haitakuwa haki kusema kwamba ardhilhali ya Wameru ndiyo iliyoleta uhuru. Lakini hapana mwanahistoria wa Tanganyika awezaye kuieleza safari ile bila ya kupita Engare Nanyuki. Kirilo na Seaton wenyewe waliandika kitabu juu ya kesi hiyo, kilichotoka mwaka 1967.

Yafaa kutazama ni nini kilichoipa ardhilhali hii uzito, kwa kuwa haikuwa na sahihi za mamilioni. Kwanza, ilikuwa na hali ya kueleza: siku fulani, mahali fulani, nyumba fulani. Pili, ilipelekwa mahali ambapo sheria ilimlazimisha mpokeaji asome na mtawala ajibu. Tatu, nyuma yake walikuwako watu waliojitolea kitu: fedha, fidia waliyoikataa, na msimamo wao wa kutohama kwa hiari. Nne, ilikuwa na mtu wa kuifuata mpaka mwisho wa safari, na wa kurudi kueleza yaliyotokea. Karatasi ilikuwa ncha tu ya mkuki. Mpini ulikuwa watu.

Mlango ule ule wa Umoja wa Mataifa ulionyesha pia hatari ya wingi. Katika miaka ya katikati ya 1950 watu wa Kamerun, nchi nyingine ya udhamini, walituma ardhilhali maelfu kwa maelfu. Dhiki yao ilikuwa ya kweli na ujasiri wao hauna shaka. Walakini Baraza lilizidiwa, likaacha kuzichunguza moja moja, likazikusanya mafungu mafungu na kuzijibu kwa jumla. Kinachokuwa kingi sana hupungua bei, na mwenye kusikia makelele ya kila siku hujifunza kulala katikati yake.

Hapo ndipo ilipo shida ya ardhilhali ya intaneti. Imeondoa gharama ya kutia sahihi, na kwa kuondoa gharama imeondoa pia sehemu ya ushahidi. Zamani sahihi elfu zilimwambia mtawala kwamba watu elfu walitembea, waliuliza, walishawishiana, na wengine walijitia hatarini. Leo sahihi elfu zaweza kuwa na maana ya watu elfu waliogusa kioo wakiwa kitandani. Mtawala analijua jambo hilo kama alijuavyo mwenye kusahihi. Mwaka 2019 ombi lililowekwa katika mtandao wa Bunge la Uingereza, la kuitaka nchi isijitoe katika Umoja wa Ulaya, lilipata sahihi zaidi ya milioni 6. Kwa kawaida ya Bunge lile, ombi likipita sahihi 100,000 hufikiriwa kwa mjadala. Basi likajadiliwa tarehe 1 Aprili 2019, serikali ikajibu kwamba haitabadili nia, na tarehe 31 Januari 2020 nchi ikajitoa. Kura ya watu wote ya mwaka 2016 ilikuwa imekwisha kusema neno lingine, na sahihi, ziwe nyingi namna gani, hazikuwa na uwezo wa kuifuta.

Karibu zaidi na mlima Meru uko mfano mwingine, nao unafanana na ule wa 1951 kiasi cha kumfanya msomaji asite. Ni wa Loliondo, mkoa huo huo wa Arusha, ambako wafugaji wa Kimaasai na serikali wamevutana kwa miaka mingi juu ya ardhi iliyo kando ya Serengeti. Ombi lililoenezwa kwa intaneti lilipata sahihi zaidi ya milioni 2 kutoka pembe zote za dunia. Mwezi wa Novemba mwaka 2014 Rais Jakaya Kikwete alitangaza kwamba hapakuwa na mpango, wala hautakuwapo, wa kuwaondoa Wamaasai katika ardhi ya mababu zao. Wengi walishangilia, wakadhani shauri limekwisha. Mwezi wa Juni mwaka 2022, chini ya serikali nyingine, mipaka ya hifadhi iliwekwa katika kilomita za mraba 1,500 kati ya 4,000 za eneo hilo. Serikali ilisema inalinda vyanzo vya maji na mapito ya wanyama, na kwamba kilomita 2,500 zimebaki kwa wananchi. Wananchi walisema malisho yao yametwaliwa. Mapambano yalitokea, polisi mmoja akauawa, wananchi wakajeruhiwa, na wengine wakavuka mpaka kuingia Kenya.

Mfano huu haumaanishi kwamba sahihi milioni 2 hazikuwa kitu. Zilipata neno la Rais, na neno la Rais si dogo. Lakini neno halikuwa hati ya ardhi, wala waliotia sahihi hawakuwa mahali pa kulidai neno hilo lilipovunjika. Shauri lililobaki hai ni lile lililopelekwa na wanavijiji wenyewe mwaka 2017 katika Mahakama ya Afrika Mashariki, iliyo Arusha. Lilitupwa mwezi wa Septemba mwaka 2022, na mwezi wa Novemba mwaka 2023 kitengo cha rufani kiliifuta hukumu hiyo na kuamuru lisikilizwe upya. Umati wa intaneti hukusanyika kwa siku moja na kutawanyika kwa siku moja. Mwenye ardhi hawezi kutawanyika.

Iwapo mifano ingeishia hapo, wenye kuidharau ardhilhali ya intaneti wangekuwa wameshinda. Uko mwingine. Katika mwaka wa 2013, kaunti ya Busia nchini Kenya, msichana mdogo alinajisiwa na kundi la wanaume. Baadhi yao walikamatwa, na adhabu waliyopewa kituoni ilikuwa kufyeka majani, kisha wakaachwa kwenda zao. Habari hiyo ilipotoka gazetini, wanawake walianzisha ombi katika intaneti, likapata sahihi zaidi ya milioni 1. Lakini hawakuishia hapo. Tarehe 31 Oktoba 2013 waliandamana Nairobi mpaka makao makuu ya polisi, mikononi wakiwa na sahihi zile; wanasheria wakalifuata shauri; waandishi wa habari hawakuliacha. Mwezi wa Aprili mwaka 2015 watu watatu walihukumiwa kifungo cha miaka 15.

Tofauti ya Busia na mifano mingine haiko katika hesabu ya sahihi, kwa kuwa ya Uingereza ilikuwa kubwa mara kadhaa. Iko katika vile vitu vinne vilivyoonekana kwa Wameru. Hali ilielezwa wazi, hata mtoto angeielewa: watu waliotenda uovu mkubwa waliadhibiwa kwa kufyeka majani. Mpokeaji alijulikana kwa cheo, na sheria ya nchi yake ilikuwa tayari inamtaka atende. Alichoombwa ni kuitimiza, si kuibadili. Watu wenyeji walitoka majumbani wakasimama mlangoni pake. Na waliolianza shauri walilifuata kwa muda wa mwaka mzima na zaidi, baada ya dunia kwenda kusahihi mambo mengine. Intaneti ilifanya kazi ambayo Meru Citizens Union ingeifanya kwa miezi mingi, ya kukusanya mashahidi. Kazi iliyobaki ilifanywa kwa miguu, kama zamani.

Hapana budi, basi, kuyakataa majibu yote mawili yaliyotangulia. Si kweli kwamba ardhilhali ya intaneti ni kelele za chura tu, kwa maana ng'ombe wa Busia aliacha kunywa. Wala si kweli kwamba wingi hushinda kwa kuwa ni wingi. Uingereza imelionyesha jambo hilo mara mbili, mwaka 1848 na mwaka 2019. Kosa la zama hizi ni kulitukuza lile lililo rahisi katika ardhilhali, yaani hesabu ya majina, na kulisahau lile lililo katika jina lake lenyewe. Maana yake ni kuiweka hali mbele ya mtu, na hali haiwezi kujiweka yenyewe: yahitaji mwenye kuiishi, mwenye kuieleza, na mwenye kuibeba mpaka kwa mtu asiyeweza kukwepa kuitazama.

Wameru walionyang'anywa ardhi walikuwa kama 3,000. Walimtuma mtu mmoja, naye akarudi na azimio lililoshindwa. Watu milioni 6 wa zama za intaneti hawakupata zaidi yake, na pengine wamepata pungufu. Kwani aliporudi Kirilo, watu walikuwa wakimngoja wamwulize yaliyosemwa na yatakayofanywa baadaye.